Wakata magogo wa zamani Marekani: kwa nini kwenye theluji, na vile vibao kwenye shina ni vya nini?

Shina_Nene: Wadau, picha za karne ya 19 zinanichanganya. Kule Michigan na Maine wanakata miti katikati ya theluji. Pwani ya Pasifiki watu wamesimama juu ya vibao vilivyochomekwa kwenye shina. Na mti wenye upana wa mita 3 waliuangushaje bila injini?

KabariMbili: Theluji ndiyo iliyokuwa barabara. Usiku sleji (gari la kuteleza kwenye theluji, lisilo na magurudumu) yenye tangi ilimwaga maji njiani, yakaganda, na asubuhi farasi wawili wakavuta shehena ambayo kwenye tope isingesogea. Mteremkoni mambo yaligeuka: walitandaza nyasi kavu au mchanga, la sivyo mzigo uliwapanda farasi mgongoni.

Theluji ikiyeyuka mito hujaa, na magogo yalielea yenyewe hadi viwandani. Hiyo ndiyo kazi iliyoua. Gogo moja likinasa mwambani, mengine hurundikana nyuma yake. Lazima mtu aende kuling'oa kwa pivi (mpini mrefu wenye ncha na ndoano ya chuma, alioubuni mhunzi Joseph Peavey huko Maine mwaka 1858), kisha atimue mbio juu ya magogo yanayobingirika. Soli za buti zilikuwa na misumari kwa sababu hiyo.

Msumeno_Butu: Vibao ni mambo ya magharibi tu. Miti ile imevimba chini, imejaa utomvu, na nyuzi zake zimejisokota. Kwa hiyo, ili wasimame na kukata juu ya uvimbe huo, walitoboa tundu kwa shoka na kuchomeka kibao chenye chuma nchani. Uzito wa mtu ndio ulikikaza.

Kuangusha: kwanza mdomo, pengo la robo hadi theluthi ya unene, upande wa kuangukia. Kisha msumeno wa watu wawili kutoka nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo. Kila mmoja anavuta tu. Ukisukuma, bati linapinda. Utomvu ukinata, nyunyiza mafuta ya taa. Kabari zifuate nyuma ya msumeno, mti usije ukaukalia.

Usikate ukamaliza! Acha ukanda wa mbao, kama sehemu ya kumi ya unene. Ndio bawaba inayouongoza mti. Ukiukata, mti unaangukia unakotaka wenyewe. Hatari zaidi ni mti ulioinamia mbele: shina linaweza kupasuka kwenda juu kabla hujamaliza, na kipande cha nyuma kikamrudia mkataji kifuani.

Shina_Nene: Shukrani. Na kambini waliishije?

KabariMbili: Vibaya. Bweni moja, jiko katikati, soksi mbichi zikining'inia juu yake, chawa kila kitanda. Kule kaskazini-magharibi kila mtu alibeba matandiko yake kutoka kambi hadi kambi. Mgomo wa wakata magogo wa huko mwaka 1917 ulidai malazi safi na siku ya saa 8. Saa hizo zilipatikana Machi 1918.

Msumeno_Butu: Chakula tu ndicho hakikubaniwa. Kambi yenye mpishi mbovu ilikimbiwa.