Tupeane uzoefu: ni kero gani ilikushusha kwenye Costa ya Moshi–Arusha kabla hujafika?

Naanza mimi. Nilipanda stendi ya Moshi, siti ya nyuma ya dereva. Mbele kuna runinga inaonyesha vichekesho, na anayeiangalia ni dereva mwenyewe. Anacheka huku analipita lori Boma Ng'ombe. Mama mmoja akamwambia, "Baba, tazama barabara." Akajibu, "Tulia mama, hii nimeshaiona, najua inapoishia." Nikashukia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Nyie je?

*Wa Majengo, Moshi:* Spika ilikuwa chini ya siti yangu, singeli mwanzo mwisho, meno yanatetemeka. Nikaomba wapunguze. Konda: "Mzee, mziki hauna shida, ni masikio." Sikushuka. Nauli ya pili ningeitoa wapi?

*Mwalimu mstaafu, Tengeru:* Mimi nilishushwa na neno. Tulikuwa Maji ya Chai, gari linanuka mpira ulioungua. Dereva akaingia uvunguni, akatoka anafuta mikono kwenye suruali: "Wazee, tuna changamoto ndogo ya breki, tutaenda nayo mdogo mdogo." Hakuna aliyeinuka! Angesema breki mbovu, watu wangetokea madirishani. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Changamoto ilikuwa jambo la kukuamshia ari. Siku hizi njaa ni changamoto, wizi ni changamoto. Kampeni za 2025 wagombea walikuja huku kwetu, barabara ya mtaani ikawa "na changamoto". Shimo halikutajwa hata mara moja, na gari la matangazo lenyewe lilikwama humo. Februari 2024 pale Ngaramtoni lori liliishiwa breki likayavaa magari mengine, watu 25 wakafa. Nani angethubutu kuwaambia wafiwa ile ilikuwa changamoto? Nikashuka. Nauli sikurudishiwa, ila nilisindikizwa na "ticha unazingua".

*Konda, Ngusero:* Arifu zangu, nawasoma tu. Mwalimu, shikamoo kwanza. Mnatulaumu, sawa, lakini dereva akienda 50 pale Usa River kama kibao kinavyosema, nyie nyie mnafoka, "Tuko kwenye msafara wa msiba?" Tajiri mwenye gari naye anataka hesabu yake jioni. Na waliosimama, tukikaribia trafiki nikisema "chuchumaeni", wanachuchumaa. Mtu na suti yake. Sijawahi kuona aliyegoma.

*Mama wa Kijenge:* Nilichuchumaa, sikatai. Na kitenge cha harusi. Kilichonishusha ni siasa. Wawili walianza kubishana vyama tangu KIA, dereva akaingia kati, na huyo ni mtu asiyeweza kuongea bila mikono. Kila hoja anaachia usukani. Alipofika hoja ya tatu anahesabia vidole, nikapiga bodi. Chenji yangu ya elfu tano iko kwa konda mpaka leo. Si wewe, mdogo wangu? Maana na yeye aliniita arifu.

*Konda, Ngusero:* Mama, Chuga nzima tunaitana arifu.

*Mwenye mada:* Konda, tuambie basi. Ile runinga ya mbele ya dereva, nayo kaagiza tajiri?

*Konda, Ngusero:* Hiyo kweli ni changamoto.

*Mwalimu mstaafu, Tengeru:* Mshusheni huyu.