Albamu mbili tu za Queen: nichukue zipi kati ya hizi nne?

Chumbageni77

Salaam, wanajamvi. Shemeji yangu anarejea kutoka Uingereza mwishoni mwa mwezi huu, na amekubali kuniletea santuri mbili za kundi la Queen. Mbili tu, kwa sababu begi lake limekwisha jaa zawadi za watu. Nimesikiliza mtandaoni wiki nzima na orodha yangu imebaki na albamu nne: A Night at the Opera ya mwaka 1975, News of the World ya 1977, The Game ya 1980 na Innuendo ya 1991. Kila ninapoamua kuondoa moja, usiku naisikiliza tena na kuirudisha. Naomba wenye kulijua kundi hili mnisaidie kuchagua. Natanguliza shukrani.

FundiSindano

Ndugu Chumbageni, swali ni zuri lakini umeyaacha yale yanayotakiwa ili lijibiwe. Santuri hizi zitapigwa kwenye mashine ya aina gani, na sindano yake ina umri gani? Shemeji atanunua mpya au zilizotumika, na umempa pesa kiasi gani? Zaidi ya yote, msikilizaji ni nani? Anayetaka muziki wa kuchangamsha wageni sebuleni hashauriwi sawa na anayesikiliza peke yake usiku, taa zimezimwa.

Kwa sasa niseme tu kwamba The Game isidharauliwe. Ndiyo albamu waliyoingizia vinanda vya kielektroniki kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kuandika kwenye majalada yao kwamba hawakuvitumia, na besi ya John Deacon katika "Another One Bites the Dust" ndiyo ninayoitumia karakana kupimia spika za wateja. Spika yenye kasoro katika sauti za chini haiwezi kujificha mbele ya besi ile.

Gitaa Kavu

Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo, kwa sababu orodha yenyewe ina pengo. Queen II ya mwaka 1974 iko wapi? Kundi lilikataa hata kuziita pande zake A na B: upande mmoja waliuita Mweupe, ambao karibu wote ni kazi ya Brian May, na wa pili wakauita Mweusi, ambao nyimbo zake zote ni za Freddie Mercury. Usikilize upande Mweusi bila kunyanyua sindano, utaona kwamba mengi yaliyokuja kusifiwa mwaka 1975 yalikwisha kupikwa pale: nyimbo zinazoshikana bila pumziko, sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na gitaa linaloingia kama mwimbaji mwingine. Nimepiga gitaa tangu nikiwa shule, na bado sijasikia sauti nyingine kama ya gitaa lile ambalo May alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, shingo lake likiwa la mbao ya meko ya zamani, na ambalo hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki.

Bi Nyota wa Kisauni

Kaka Gitaa Kavu, Queen II ni nzuri, lakini mtu anayechagua mbili tu hawezi kuiacha A Night at the Opera. Mimi hufundisha kwaya, na nazungumzia ninachokijua. Sehemu ya katikati ya "Bohemian Rhapsody", ambayo wengi hudhani iliimbwa na kwaya kamili, iliimbwa na watu watatu, yaani Mercury, May na mpiga ngoma Roger Taylor, wakirudia na kurudia na kuziweka sauti zao juu ya zile za mwanzo. Sauti ile nyembamba ya juu kabisa ni ya Taylor. Mwaka jana niliwasikilizisha waimbaji wangu sehemu hiyo mara nne mfululizo, kila safari nikiwataka wafuate sauti moja peke yake; walipofika kwa Taylor, vijana wawili wa sauti ya kwanza walisimama kwenye viti vyao bila kuambiwa.

Wala albamu si wimbo huo mmoja. "The Prophet's Song" wa May una zaidi ya dakika 8, na katikati yake vyombo vyote vinanyamaza, Mercury anabaki akijijibu mwenyewe kwa mwangwi. Katika "Love of My Life" kinubi kimepigwa na May huyo huyo.

Mkaazi wa Leicester

Nakubaliana na Bi Nyota kuhusu albamu, lakini ningependa Ndugu Chumbageni asikie yaliyonipata kwa sababu ya albamu hiyo hiyo, ili shemeji yake asiyarudie.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua nakala iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa hapa, aliyeiandika kuwa safi kabisa. Nilitazama jalada, nikaichomoa sahani, nikaangalia upande wa kwanza chini ya taa, ulikuwa unang'aa. Upande wa pili sikuugeuza. Nikaifunga na kusafiri nayo hadi Dar es Salaam kumpelekea kaka yangu. Kutoka uwanja wa ndege tulichukua teksi, nami nikauweka mfuko wa santuri nyuma ya kiti, chini ya kioo, kwa kuogopa usikaliwe. Foleni ilitushika zaidi ya saa moja na nusu, jua la saa nane likipiga kioo kile. Tulipofika nyumbani na kuiweka sahani kwenye mashine, ukingo wake ulikuwa ukipanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi, na mkono wa sindano ukipanda na kushuka nao. Hata hivyo upande wa kwanza ulivumilika. Tukageuza. Hapo ndipo tulipouona mkwaruzo mwembamba kama unywele, uliotoka karibu na lebo ukakata theluthi ya sahani. "Bohemian Rhapsody" ulipofika kwenye ile sehemu ya watatu, sindano ilirudi nyuma, ikarudia neno moja, ikarudi tena, na kaka yangu akaendelea kukaa kimya kwa adabu, asinitie aibu mbele ya watoto wake. Muuzaji alinijibu kwamba siku 14 za kurudisha bidhaa zilikwisha pita.

Kwa hiyo, shemeji atazame pande zote mbili kwa mwanga wa pembeni, sahani zisafiri kwenye begi la mkononi zikiwa zimesimama wima, na zisiachwe ndani ya gari hata kwa dakika kumi.

FundiSindano

Pole sana, kaka. Niongeze jambo moja. "Bohemian Rhapsody" uko karibu na mwisho wa upande wa pili, yaani karibu na lebo. Sahani huzunguka kwa mwendo ule ule, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati, urefu wa mfereji unaopita chini yake kwa kila sekunde hupungua, na sauti nyembamba huanza kukwaruza. Wimbo wenye sauti nyingi kuliko zote umewekwa pale ambapo santuri ni dhaifu kuliko pote. Ndiyo maana niliuliza kuhusu sindano, na bado sijajibiwa.

Mwana wa Vuga

Assalamu alaikum. Mimi ni wa Innuendo na sitabadilika. Ilitoka Februari 1991, na tarehe 24 Novemba mwaka huo huo Mercury alifariki dunia mjini London akiwa na miaka 45. Alirekodi akiwa mgonjwa sana, nguvu zikimwishia, lakini sikilizeni anavyoupandisha "The Show Must Go On". Hakuna mahali alipojihurumia. Sisi wa Unguja tunaisikiliza kwa namna yetu, kwa sababu mtoto huyu alizaliwa kwetu tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, baba yake akiwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Kwaheri ile naisikia kama ya mtu wa mtaani kwetu.

FundiSindano

Sheikh, albamu nimeikubali, lakini santuri yake ina mtego. Innuendo ina zaidi ya dakika 50, na ile iliyotoka mwaka 1991 ilibanwa kwenye sahani moja kwa kufupisha baadhi ya nyimbo. Aliyezizoea katika sidii atashtuka. Toleo la baadaye la sahani mbili ndilo lenye nyimbo kamili, na bila shaka bei yake iko juu.

Chumbageni77

Nawaomba radhi kwa kuchelewa na kwa kutoeleza vizuri tangu mwanzo. Santuri hizi ni za baba yangu. Ana miaka 71 na alikuwa baharia kwa muda mrefu. Mashine aliinunua Hamburg enzi hizo, mkanda wake umebadilishwa mwaka jana na sindano ni mpya. Bajeti ni pauni 60 kwa zote mbili. Queen aliwajua kwa kanda alizokuwa akinunua bandarini, ambazo zote zililiwa na redio au kuota ukungu. Nyimbo maarufu hazimshughulishi sana. Anachokikumbuka mara kwa mara ni wimbo mmoja unaoanza kwa mtu kunadi peke yake, bila chombo, akimwita Ibrahim, na jina la Mustapha pia limo. Sisi watoto tulidhani anachanganya na kanda ya kundi lingine.

FundiSindano

Ndugu yangu, hili ndilo lililopaswa kuwa sentensi yako ya kwanza! Mzee hachanganyi chochote. Huo ni "Mustapha", wimbo unaofungua albamu ya Jazz ya mwaka 1978, na Jazz haimo katika nne zako. Mfikishie shikamoo yangu.

Mwana wa Vuga

Nimefurahi hadi nimesimama. Wimbo huo unachanganya Kiingereza, maneno ya Kiarabu na mengine ya kubuni, na kwangu ni Unguja tupu. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe, adhana ikitoka kila upande, ndiye pekee angeweza kuutunga hivyo.

Gitaa Kavu

Hapo naomba tuwe waangalifu. Familia ya Bulsara ilikuwa ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra, na mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka 8 hivi. Adhana angeweza kuisikia huko pia. Kuhusu Jazz yenyewe, naiona ni albamu isiyotulia: "Don't Stop Me Now" hauna mfano, lakini kati ya nyimbo 13 ziko ambazo Queen II isingezipokea.

Mwana wa Vuga

Alirudi Unguja kabla ya familia kuhamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Masikio ya mtoto hayahesabiwi kwa miaka ya shule, ndugu yangu.

Bi Nyota wa Kisauni

Mwanangu Chumbageni, nikutahadharishe kwa heshima ya mzee: nakala za mwanzo za Jazz ziliambatana na bango lililokunjwa, lenye picha ya wanawake wengi walio uchi juu ya baiskeli, kwa ajili ya wimbo wa "Bicycle Race". Shemeji alitoe kabla ya kukabidhi. Ya pili iwe A Night at the Opera, na pauni 60 zinaweza kutosha.

Mkaazi wa Leicester

Kabla hajalipia, msikilizishe mzee wimbo kwa simu. Asije akaletewa sahani kutoka mbali, kumbe siyo.

Chumbageni77

Nimefanya hivyo jana baada ya chakula cha usiku. Mzee aliweka kikombe chini, akafumba macho, na mwito ulipoanza akatikisa kichwa kukubali. Lakini ngoma na magitaa yalipoingia alifumbua macho akasema, "Sauti ndiyo hiyo, ila baada yake ilikuwa inakuja piano, na watu wengi wanapiga kelele." Nimemrudishia mara mbili, anashikilia hivyo hivyo.

Mkaazi wa Leicester

Basi kanda yake ilikuwa Live Killers ya mwaka 1979, iliyorekodiwa jukwaani katika ziara ya Ulaya mwanzoni mwa mwaka huo. Humo Mercury ananadi mwanzo wa "Mustapha", kisha anaingia moja kwa moja kwenye piano ya "Bohemian Rhapsody". Kelele ni za watazamaji.

Gitaa Kavu

Ni kweli kabisa, nami nimeona haya kwa kutolikumbuka. Ajue tu kwamba jukwaani ile sehemu ya sauti nyingi haikuimbwa. Kundi lilitoka na kuacha kanda ipigwe, kisha wakarudi kwa gitaa.

Bi Nyota wa Kisauni

Ndiyo sababu bado nasimama na A Night at the Opera. Mzee apate mwito wake, lakini pia aisikie kazi ile walivyoijenga studio.

FundiSindano

Tatizo ni kwamba Live Killers ni sahani mbili ndani ya jalada moja. Shemeji aliahidi santuri mbili. Je, anahesabu majalada au sahani?

Chumbageni77

Nimemwandikia sasa hivi kumuuliza. Kwake ni usiku, pengine amekwisha lala. Mzee naye asubuhi hii ameniuliza kama Jazz haiwezi kuja pamoja na hiyo nyingine, kwa kuwa ule wa baiskeli nao ameukumbuka.