Naomba ushauri: chembe ya chuma imetolewa jichoni, kutu imebaki

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu alikuwa anakata chuma kwa grainda bila miwani, chembe ikamwingia jicho la kulia. Tulimwagia maji safi mengi, haikutoka. Hospitali wakamtia matone ya ganzi na ile rangi inayong'aa kijani kwenye taa ya bluu, ikaonekana imenasa kwenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho), pembeni kidogo ya mboni. Daktari akaitoa kwa ncha ya sindano (mimi nilishindwa kutazama), akampa mafuta ya antibayotiki, turudi keshokutwa.

Kinachonitia wasiwasi ni duara dogo la kutu lililobaki, la kahawia, ukimsogelea unaliona. Daktari anasema lilainike kwanza ndipo alikwangue. Mdogo wangu anaona vizuri, ila mwanga unamchoma na machozi hayakauki. Ananibembeleza nimtafutie yale matone ya ganzi, nimekataa kwa sababu tumeambiwa yakitumika nyumbani yanazuia kidonda kupona.

Wataalamu wa macho na mliowahi kupitia hili: kuiacha kutu kwa muda hivyo ni kawaida? Na dalili zipi zikitokea tusisubiri keshokutwa, tumkimbize hata usiku?