Darasa la nne wanakaririshwa majibu badala ya kufundishwa: wazazi wa Mwanza tunyamaze hadi lini?

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, ingawa nitajitahidi kueleza jambo lenyewe kwa utaratibu ili anayetaka kunisahihisha apate pa kushika.

Nina binti anayesoma darasa la nne katika shule moja ya msingi hapa kandokando ya ziwa, upande wa Ilemela. Tangu mwezi wa saba darasa lake limewekwa kwenye kile kinachoitwa kambi ya kitaaluma. Watoto wa miaka kumi wanafika shuleni saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na kwa muda wote huo mwalimu anaandika ubaoni maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, watoto wananakili, na kesho yake wanaulizwa maswali yaleyale. Anayekosa anachapwa. Vipindi vya Sanaa na Michezo vimefutwa kabisa, na wazazi tunachangia shilingi mia tano kwa siku kwa ajili ya kambi hiyo, ilhali tuliambiwa tangu mwaka 2016 kwamba elimu ni bila ada.

Jumapili iliyopita nilikaa naye tupitie daftari la Hisabati. Kulikuwa na swali la mvuvi aliyeuza ndoo 6 za dagaa kwa shilingi 15,000 kila moja, na binti yangu akaandika 90,000 bila hata kufanya hesabu pembeni. Nilifurahi. Kisha nikaliandika swali lilelile upya, nikabadilisha ndoo 6 kuwa ndoo 8. Akaandika 90,000. Nikamwomba asome tena polepole, akasoma vizuri, akaniangalia kwa mshangao na kusema, "Baba, hili jibu lake ni elfu tisini, mwalimu alisema." Mtoto huyu akitumwa dukani na noti ya elfu kumi anarudi na chenji kamili, kwa hiyo hesabu anaiweza. Alichofundishwa shuleni ni kwamba swali lina sura, na kila sura ina jibu lake, na kazi ya mwanafunzi ni kuitambua sura.

Lililoniumiza zaidi ni la Sayansi. Bibi yake anaanika dagaa mwaloni, yaani ufukweni wanakoshushia samaki, na binti yangu amekulia kwenye vichanja vile. Anajua kwamba wakati wa mbalamwezi wavuvi hukaa nyumbani kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mwezi ukiwa umeng'aa, na anajua kwamba dagaa wa kwenye kichanja hupata bei kuliko wa kuanikwa mchangani. Sasa waliulizwa kwa nini dagaa huanikwa. Aliandika kwamba jua linatoa maji yaliyo ndani ya samaki, na vijidudu vinavyoozesha haviwezi kuzaliana pasipo maji. Hilo ndilo jibu sahihi, na nadhani watu wazima wengi wasingelieleza vizuri namna hiyo. Alipigwa mkasi, yaani alama ya kukosa, kwa kalamu nyekundu, na pembeni pakaandikwa: "Andika kama ilivyo kwenye daftari." Kwenye daftari pameandikwa: "Ili wasiharibike."

Ninaomba tulitafakari hilo. Mtoto ameeleza sababu, akaadhibiwa kwa kutotaja matokeo. Baada ya mwezi mmoja wa adhabu za aina hiyo, mtoto mwenye akili anajifunza kwamba mambo aliyoyaona kwa macho yake kwa bibi yake hayana nafasi darasani, na anaacha kuyaleta.

Siwapingi wanaosema kukariri kuna faida. Jedwali la kuzidisha lazima likaririwe, na kumuuliza mtoto mara kwa mara kile alichokwisha kukielewa kunakiimarisha kumbukumbuni kuliko kumsomea upya. Lakini kuuliza huko kuna maana pale tu ambapo uelewa umetangulia, na swali linapokuja kwa namna tofauti ili mtoto alazimike kufikiri.

Uchungu wangu unazidi kwa sababu watoto hawa ni miongoni mwa wa kwanza kusoma mtaala mpya. Walioanza darasa la tatu Januari 2024 ndio waliotangulia kupokea mtaala huo ulioboreshwa, na ndio watakaomaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027. Mtaala huo umejengwa juu ya umahiri, yaani mtoto aweze kulifanya jambo na kulitumia katika mazingira yake. Somo la Jiografia na Mazingira limewekwa humo kwa jina hilohilo, na shule hii ipo hatua chache kutoka ziwani, lakini tangu mwaka uanze darasa halijapelekwa ufukweni hata mara moja. Mwalimu Nyerere aliyakemea haya mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, aliposema kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa muda uliopangwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma, lililopitishwa kwenye mwambao huuhuu wa ziwa letu, likataka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe, ili mtihani wa mwisho usibaki kuwa hakimu pekee. Ni zaidi ya nusu karne.

Nilikwenda kumwona mwalimu wa taaluma. Alinipokea kwa heshima, na ninakiri kwamba ana darasa lenye watoto zaidi ya mia moja na ishirini, mzigo ambao mimi nisingeuweza. Aliniambia, "Mzazi, wastani ukishuka tutaulizwa sisi, siyo wewe." Ukutani kwake pamebandikwa karatasi yenye shule za jirani zilizopangwa kwa wastani, ya kwanza hadi ya mwisho. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini huku chini mbio zile bado zinakimbiwa, na wanaokimbizwa ni watoto. Wingi wa wanafunzi unaeleza kwa nini mwalimu hawezi kusahihisha maelezo marefu kila siku. Hauelezi kwa nini hawezi kubadilisha namba moja kwenye swali, au kuwapanga watoto sita sita waelezane njia waliyotumia.

Kikao cha wazazi na kamati ya shule ni Ijumaa hii saa nane mchana, na Afisa Elimu Kata amealikwa. Nitataka kambi isitishwe, vipindi vilivyofutwa virudishwe, na mtoto asichapwe kwa kukosa swali. Nitakwenda na daftari la Sayansi lenye ule mkasi mwekundu, pamoja na karatasi ya ndoo 8, niombe visomwe mbele ya wote.

Wenye watoto wa darasa la nne Nyamagana, Sengerema, Ukerewe na kwingineko mwambaoni, naomba leo usiku mbadilishe namba moja tu katika swali ambalo mtoto amelipata shuleni, kisha mniandikie hapa alichojibu kabla ya Ijumaa.