Msaada wakuu: kabila langu la msituni limekwama, sura ya nne haitoki

Mgomba wa Tukuyu (mleta mada)
Habari za jioni wanajukwaa. Ninaandika riwaya, huu mwaka wa tatu. Ni ya dunia ya kubuni yenye miezi miwili, na humo kuna kabila linaitwa Wandelo. Historia yao naijua kuliko ya ukoo wetu. Watu wanane wa kwanza walitoka ndani ya mwanzi uliopasuka usiku ambao miezi yote miwili ilijificha. Hawahesabu miaka, wanahesabu machanuo, maana mianzi ya mlimani huchanua mara moja baada ya miongo kadhaa halafu inakufa yote kwa pamoja. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kinafukiwa chini ya mti, na mtu akiulizwa yeye nani anataja mti kwanza, jina lake baadaye. Anayekata mti anafutiwa jina. Anaitwa "Wewe" mpaka siku anazikwa.

Sasa Chanuo la Pili ndilo linanitesa. Mianzi inamwaga mbegu, panya wanafurika, mbegu zikiisha wanahamia mashambani, njaa inaingia. Wakati huohuo wafua chuma wa nyanda za chini wanapanda kutafuta miti ya kuchoma mkaa wa tanuru zao. Nataka Wandelo wenyewe wakate mti mmoja, wa kale kuliko yote, na bado wabaki watu wema machoni pa msomaji. Nifanyeje? Nimekwama tangu Mei.

Dereva wa Uyole
Wape mikaratusi wapande. Baada ya miaka minane wanauza nguzo za umeme, njaa kwisha, riwaya kwisha.

Nyundo ya Makete
Subiri kwanza. Wafua chuma wanaokuja kuharibu msitu wa watu ni akina nani hao? Mnyakyusa akiandika wafua chuma tunajua anamsema nani. Sisi Wakinga ndio tulikuwa tunafua majembe, ninyi mnakuja kubadilishana na vyakula vyenu. Mlilima na nini kama siyo jembe letu? Leo tumekuwa majambazi wa hadithini. Halafu sisi hatukai nyanda za chini, tuko juu kuliko ninyi. Rekebisha.

Mgomba wa Tukuyu
😂 Ndaga fijo (asante sana) kaka, ni dunia ya kubuni, hakuna Mkinga humo.

Mzee wa Kalenga
Kijana, mimi sioni haja ya kukata mti wowote. Watu wa msituni wakijiwa na wenye chuma wanautumia msitu. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Iringa, kamanda wa Wajerumani Zelewski alikuja na bunduki na mizinga, askari wamejipanga msururu mrefu kwenye njia nyembamba. Wahehe walikuwa wamelala vichakani, na mikuki. Zelewski hakutoka pale. Wajerumani walirudi 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga, lakini chifu wa Wahehe, Mkwawa, akawasumbua porini hadi 1898. Fuvu lake lilirudi kutoka Ujerumani 1954. Babu yangu alikwenda kulipokea akiwa kijana, alikuwa anatusimulia watu walivyojaa, na yeye viatu vilimpotea hukohuko. Hivyo viatu vina hadithi yake, nitaileta siku nyingine.

Mama wa Isongole
Mambo ya miti kuwa na majina ya watu ni mizimu tu hiyo, mwanangu. Andika kitu cha kumjenga kijana kiroho.

Binti Kitulo
Mleta mada, nimesoma mara mbili. Njaa umeieleza mstari mmoja, wafua chuma mstari mmoja. Kukata mti ndiko umeng'ang'ania, tena wewe mwenyewe unasema "bado wabaki watu wema". Njaa ya panya haiponyeki kwa kukata mti. Kwa nini mti huo lazima uanguke?

Mgomba wa Tukuyu
Ni kwa ajili ya mtiririko wa kisa, dada. Sura ya tano imeshaandikwa, wanakuwa wameshakata.

Binti Kitulo
Hujajibu. Kwetu Makete watu walichimba viazi vya okidi magunia kwa magunia, vinavuka mpaka kwenda Zambia, kule wanaviita chikanda na wanavipenda mno. Shangazi yangu alikuwa mchimbaji. Unajua alikuwa anasemaje? "Mimi nachukua vile ambavyo vingekufa tu." Hifadhi ya Kitulo ilipoanzishwa 2005 akaacha kwa shingo upande, na mpaka leo neno lake ni lilelile. Wandelo wako wanaongea kama shangazi. Una mti wapi?

Mgomba wa Tukuyu
Sawa, nitasema, ila msinishambulie.

Nyuma ya nyumba ya babu kuna kichaka cha miti mikubwa, kama robo eka, katikati ya migomba. Wazee wa zamani wamezikwa humo. Wandelo nimewatoa humo, mambo ya kitovu na kutaja mti kwanza ni maneno ya babu nikiwa na miaka saba. Sasa mchapishaji anataka fedha kabla hajagusa mashine, na mimi ni mwalimu wa kujitolea, sina kitu. Akaja bwana mmoja wa mbao, anautaka ule mkubwa wa katikati. Milioni moja na laki mbili. Nimeshapokea nusu. Wa msumeno anakuja Jumamosi.

Kabla hamjaanza: ni mti MMOJA. Umezeeka, tawi moja lilianguka mwaka juzi likakosa jiko kidogo tu. Baba mdogo amekubali. Na kitabu kikitoka, watoto mia tatu watasoma habari za kutunza misitu. Hiyo faida hamuioni?

Dereva wa Uyole
Mkuu unauza msitu uchape kitabu cha kutouza msitu. Nimesimamisha gari Igawilo nicheke vizuri.

Mama wa Isongole
Nilisema mizimu. Lakini na makaburi ya wazee, mwanangu? Hapana.

Chai Kavu
Hii chai, uongo mtupu, na haina hata tangawizi. Kijana amekwama sura ya nne, kumbe mti, kumbe babu, kumbe Jumamosi. Kesho ataweka namba ya simu tununue nakala. Haya nikupime: huo mti ni mti gani?

Mgomba wa Tukuyu
Mvule.

Chai Kavu
Mvule Tukuyu! Kwenye baridi ile! Mvule nenda Kyela, kule kwenye joto karibu na ziwa. Mods, fungeni uzi.

Nyundo ya Makete
Nilijua tu. Mtu anayewasingizia wafua chuma hashindwi kusingizia mti.

Binti Kitulo
Taratibu. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamtaja nyani mwenye aibu anaitwa kipunji, watafiti wakahisi labda ni mnyama wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho, 2005 wakamtangaza duniani. Mtu kukosea jina hakumaanishi kitu hakipo.

Chai Kavu
Kipunji hakuwa anatafuta fedha za uchapaji.

Mgomba wa Tukuyu
Nimesema mvule kwa sababu ndiyo mti wa mbao niliousikia. Ukweli siujui jina. Nyumbani tunasema "mti wa babu" na inatosha. Miaka mitatu naandika watu wanaojitambulisha kwa mti, na wa kwetu siujui. Mcheke tu.

Msumeno Mafinga
Sicheki. Nimeshika msumeno miaka kumi na nne, mipaini ya Sao Hill naitambua kwa harufu nikiwa nimefumba macho. Nijibu haya: ukilikwaruza gome linatoa maziwa? Na vitunda vidogo vya mviringo vimebandikana kwenye shina lenyewe?

Mgomba wa Tukuyu
Ndiyo, vyote viwili. Tukiwa watoto tulikuwa tunachanja yale maziwa kwa kisu cha jikoni, tunayakusanya kwenye kifuniko cha chupa, tunayachemsha yawe ulimbo wa kunasia ndege. Mikono inanata siku mbili, bibi anakusugua kwa majivu. Na pale kwenye mizizi kuna maji yanatoka, ndiko kijito kinapoanzia.

Msumeno Mafinga
Basi huyo ni mkuyu, au ndugu yake. Chai Kavu, huyu hadanganyi. Habari ya ulimbo huwezi kuitunga ukiwa umekaa Dar.

Ila sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Mkuyu siyo mti wa mbao. Ni laini, wadudu wanaumaliza kabla hujaupiga randa. Watu wanachonga mizinga ya nyuki, basi. Hakuna mfanyabiashara wa mbao mwenye akili atakayetoa milioni moja na laki mbili kwa mkuyu mmoja. Kitu anachonunua siyo mti. Hapo kwenu parachichi zimeanza kupandwa?

Mgomba wa Tukuyu
Zimejaa. Jirani wa juu na wa chini.

Msumeno Mafinga
Na maji yanatoka palepale. Karatasi uliyosaini iko wapi?

Mzee wa Kalenga
Hapo umenena. Na kama hajapita halmashauri ya kijiji, mauzo ya ardhi hayo hayajasimama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Chanzo cha maji nacho kina mita zake sitini, Sheria ya Mazingira ya 2004. Usilale.

Dereva wa Uyole
Nimeacha kucheka.

Mgomba wa Tukuyu
Shikamoo mzee, asante. Nimechelewa kujibu, nilikwenda kwa baba mdogo kuichukua. Ni kurasa mbili. Wa kwanza ndio niliousoma. Wa pili, mstari wa tatu: "miti yote pamoja na eneo inaposimama." Sahihi yangu iko chini yake, na ya baba mdogo, kwa kalamu tofauti na ya kwangu, na siku aliyosaini mimi nilikuwa Mbeya.

Binti Kitulo
Leo Alhamisi. Nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji ni mbali?

Mgomba wa Tukuyu
Dakika ishirini kwa mguu. Mvua inanyesha. Natoka.