Naomba ushauri: mdomo wa tangi la ardhini na watoto wadogo

Wadau, hasa mafundi, naombeni ushauri. Tangi la maji la chini ya ardhi, mdomo wake sentimita 60 kwa 60, mfuniko wa bati. Watoto wawili nyumbani: mmoja ana mwaka na nusu, mwingine mitatu. Bati likiliwa na kutu kwenye kingo hubonyea mtoto akilikanyaga, na kufuli ni mpaka mchotaji akumbuke kulifunga (na mwenye haraka hakumbuki).

Wazo lililopo ni kuweka wavu wa nondo za milimita 12 chini ya mfuniko, nafasi zisizidi sentimita 10 ili mtoto asipenye. Tatizo, ndoo nayo haipiti. Je, wavu ufungwe kwa bawaba na kufuli lake, au ujengewe kabisa na maji yavutwe kwa pampu? Ukijengewa, tangi litasafishwaje? Na nondo zipakwe nini kisichochafua maji ya kunywa?

Ndoo za lita 20 humwagwa na kufunikwa kila baada ya kazi. Mtoto anayejifunza kusimama, kichwa ndicho kizito. Akichungulia hutangulia kichwa, na ndoo yenye maji haipinduki ikamwokoa. Sentimita 5 tu zinatosha kumzamisha, tena kimyakimya.

La mwisho: uzio wa bwawa una mita 1.2, lango linafungukia nje na kujirudisha kwa springi. Springi ikilegea, lango linabaki wazi kidogo bila komeo kushika. Nibadilishe springi, au niinamishe bawaba lijifunge kwa uzito wake?