Sauti ya Bibi kwenye diski ya E

*Kikundi: Ukoo wa Bibi*

Shangazi Tanga: Jamani nani yuko macho? Nimefungua kazi ya video ya Bibi, vipande vyote vimegeuka vyekundu, eti faili hazionekani. Mikono inanitetemeka. Hitma ni Ijumaa na sauti yake yote imo kwenye ile diski ya nje.

Kaka Mkubwa: Shikamoo Shangazi. Usibonyeze kitu kwanza. Diski yenyewe inaonekana kwenye kompyuta?

Shangazi Tanga: Marahaba mwanangu. Inaonekana, ila imeandikwa herufi F. Jana ilikuwa E.

Kaka Mkubwa: Na E leo ni nani?

Shangazi Tanga: Flashi ya kijana wa picha. Niliichomeka asubuhi kabla ya diski.

Kaka Mkubwa: Basi tulia, sauti ya Bibi haijapotea. Flashi imewahi E, diski ikapewa F. Programu ya video bado inaenda kubisha hodi E, inamkuta mgeni.

Mama: Wifi, ukiona neno format usikubali! Mimi nilikubali, picha za harusi zikaenda zote. Mpaka leo naumia.

Kaka Mkubwa: Shangazi, msikilize Mama. Funga programu ya video, toa flashi. Shika kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Chini utaona visanduku vyenye ufito wa bluu juu. Tafuta chenye F.

Shangazi Tanga: Nimekiona. Mbona GB 931? Niliuziwa terabaiti 1.

Kaka Mkubwa: Ndiyo hiyo hiyo, Windows inahesabu kwa namna yake. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua Change Drive Letter and Paths, halafu Change, weka E. Itakuonya kuwa programu zinazotegemea herufi hiyo zinaweza kugoma. Kubali, sisi tunairudisha zilikoizoea. Ila C usiiguse kabisa, humo ndimo Windows inamoishi.

Shangazi Tanga: Ngoja.

Shangazi Tanga: Imekuwa E.

Shangazi Tanga: Alhamdulillah! Vyekundu vimeondoka. Yuko uani anachambua mchele, anamwita kuku wake kwa jina. Nalia hapa.

Mama: Tuletee kidogo tumsikie 😭

Mdogo wetu: Na kesho flashi nyingine ikiwahi E?

Kaka Mkubwa: Hadi Ijumaa, diski ichomekwe kwanza, flashi baadaye. Kazi ikiisha tuipe herufi ambayo flashi haziifikii, kama M.

Shangazi Tanga: Siwezi kuipa B? B ya Bibi.

Kaka Mkubwa: Inakubali Shangazi. A na B zilikuwa za disketi, flashi hazipewi zenyewe. Ila si leo, ukibadilisha sasa vitakuwa vyekundu tena. Na Jumamosi nakuja na diski ya pili, tuinakili yote.

Shangazi Tanga: Njoo mapema, nitapika wali wa nazi.